Mtaalamu wa Kuanguka

Severin alitokeza kwenye migomba akiwa na kiatu kimoja, na swali la kwanza aliloulizwa ni kama amemwona rubani.

"Rubani gani?" akajibu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kuanguka kwenyewe hakukuwa kubaya hivyo. Asubuhi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege karibu na Mikese, alikuwa amewafundisha wanafunzi wake mpaka wakampigia makofi: jairokopta, ile ndege ndogo isiyo na mabawa inayobebwa na pangaboi la juu, hairushwi nyuma ya mlima mchana, upepo unapoporomoka kutoka kileleni. Mwenye akili timamu hathubutu, alisema. Baada ya chakula cha mchana akathubutu, apate picha za maporomoko ya maji. Upepo, ambao haukuhudhuria somo, ulimdaka juu ya Kinole na kumbwaga shambani. Migomba ikampokea kwa huruma. Alipofungua mkanda na kuruka, ndege ikaserereka bila yeye hadi korongoni.

"Ndege imeanguka," mama mmoja mtu mzima alimweleza Severin, kana kwamba mgeni huyu mwenye majani nyweleni alikuwa anapita tu akitokea stendi ya mabasi ya Msamvu. Alikuwa Bi Mwanvita, mwenyekiti wa kitongoji, na nyuma yake nusu ya kitongoji chenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema Severin. Alifikiria leseni yake. Alifikiria wanafunzi watakavyocheka. "Mimi ni... mtaalamu wa ajali za ndege."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi! Ama kweli mmewahi. Huku hata fundi bomba tukimwita leo, anafika masika yajayo."

Wangemdai kitambulisho angekiri palepale. Hawakudai. Walimpa kigoda na kikombe cha chai ya mdalasini, wakamwomba ushauri. Na mtu akiombwa ushauri, hata kama mbavu zinamuuma, ataupata tu wa kutoa.

"Huyo rubani," aliuliza Bi Mwanvita, "unadhani ni mtu wa namna gani?"

"Mzoefu sana," alisema Severin. "Bila shaka injini ilimzimikia."

"Sisi tuliisikia ikinguruma mpaka chini. Yeye anapiga picha tu."

"Injini," Severin akakaza.

"Maskini. Basi twende tukamtoe. Awe mzima, awe maiti, hatuwezi kumwacha mtoto wa watu korongoni."

Severin alifungua kinywa aseme kweli, akakijaza chai.

Kule korongoni ukungu ulikuwa umetanda, na huko chini ilionekana ncha ya pangaboi tu. Hashimu, mwanaume wa mabega mapana, mtoto pekee wa Bi Mwanvita, alijifunga kamba kiunoni.

"Mtaalamu, pana usalama hapo?" aliuliza.

"Kwa tahadhari," alisema Severin. Alijiapia kwamba atasema kabla mtu hajashuka mbali. Kamba ikifika nusu, hakika atasema.

Hashimu aliubusu mkono wa mama yake, akapotelea kwenye majani ya ukingoni. Wanaume wakaanza kulegeza kamba. Ikafika nusu. Severin akakohoa. Ikapita nusu. Akajiambia kwamba yule bwana anaonekana mkwezi hodari, na pengine angepanda tu na habari njema kwamba hakuna maiti, kila mtu akaenda zake na amani yake.

Mawe yakaporomoka. Yowe likasikika, likakatika ghafla, na kamba ikakaza kama uzi wa upinde.

"Hashimu!" Bi Mwanvita alipiga magoti. "Mwanangu wee! Hashimu!"



Severin hakujua ameifikia kamba saa ngapi. Alijikuta ameishika pamoja na wenzake, mbavu zikimchoma, machozi yakimtoka bila ruhusa.

"Mvuteni!" alipiga kelele. "Hakuna mtu huko chini! Rubani ni mimi! Injini ilikuwa nzima, jamani, ni ujinga wangu tu! Mama, nisamehe, rubani ni mimi! Mvuteni!"

Wakavuta. Kamba ilipanda kwa shida, nzito, ikikwaruza mwamba, na Severin alifumba macho akiomba kwa kila jina la Mungu alilowahi kulisikia. Alipoyafumbua, mwisho wa kamba ulikuwa umeshafika ukingoni. Umefungwa gunia la mafenesi.

Bi Mwanvita aliinuka taratibu, akakung'uta kanga yake magotini, akageukia kichaka cha pembeni.

"Hashimu, toka basi," aliita. "Ameshasema."