Msaidizi Atafika

Meneja alikuwa amejipinda nyuma ya mgeni, akichungulia ndani ya kola ya shati, akitafuta swichi.

"Umeiona?" keshia alinong'ona.

"Wapi! Labda wameificha kwenye nywele."

Mgeni alisimama wima kati ya sabuni na unga, bila kupepesa macho. Jasho lilimtiririka shingoni. Meneja aliligusa kwa ncha ya kidole, akaguna. Safari hii makao makuu hawakufanya mchezo. Mtambo mpaka unatoa jasho!

Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake asubuhi, chai ikiwa mdomoni. "Msaidizi mpya wa akili mnemba atafika leo. Mfundishe kazi yote. Akishaijua, tutazungumza kuhusu nafasi yako." Chai ikampalia. Alianza kazi katika duka hilohilo akiwa mfagiaji, akapanda mpaka akakabidhiwa funguo, na leo anaambiwa tutazungumza.

Binti yake, aliyekuwa akimpigia pasi shati, alimtazama kwa wasiwasi.

"Baba, leo ukiona mgeni dukani, nakuomba sana usimfokee."

Meneja alidhani binti amechungulia ujumbe, anamwonea huruma. Akavaa shati, akaondoka.

Dukani, keshia alikuwa na shaka zake. "Lakini bosi, mashine si huwa zinakuja kwenye boksi?"

"Soma vizuri. Wameandika 'atafika'. Ya kwenye boksi 'italetwa'. Huyu ana miguu."

Keshia alikubali. Kwenye mambo ya sarufi, meneja alikuwa balaa. Aliwahi kushusha bango la ofa huku wateja wamejaa hadi mlangoni, eti kwa sababu limeandikwa "vitu zote".

Na kweli, kabla duka halijachangamka, aliingia kijana wa suti ya kijivu, mikono imebana mapajani. Alimwendea meneja moja kwa moja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kujitambulisha."

"Marahaba," meneja alijibu, kisha akajikasirikia kwa kuitikia salamu ya mashine.

Alipompa kiti, mgeni alisema, "Nitasimama tu, mzee." Alipompa chai, "Nimeshiba, mzee." Hakai, hanywi, habishi. Ndipo meneja alipoanza kutafuta swichi, na alipoikosa akaamua kuuharibu mtambo kwa kazi.

Akamwamuru ahamishe magunia yote ya mchele kutoka stoo hadi mlango wa nyuma. Mgeni akahamisha. Akamwambia ayarudishe.

"Ndiyo, mzee."

Suti ikalowa chapachapa, lakini hakulalamika. Meneja akabadili mbinu, akaanza kumjaza mambo ya kazi ili kichwa kipate moto na kuzima. Maziwa yanayokaribia kuharibika yakae mbele. Makeshia walionuniana wasikalishwe jirani. Mteja anayeacha samaki kwenye shelfu ya nepi asigombezwe, asalimiwe kwa uchangamfu mpaka aone haya mwenyewe. Mgeni alisikiliza kama anayetarajia mtihani.

"Na mteja akikufokea?"

"Nitanyamaza, mzee."

"Hata kama kosa ni lake?"

"Hapo ndipo nitanyamaza zaidi."

Meneja alikaa juu ya kreti. Yeye mwenyewe hilo alilijua baada ya miaka mingi ya kazi, na mingine ya ndoa.

"Wewe ni mashine, umbea huna," alisema kwa unyonge. "Nikikosa kazi nitamwambia nini binti yangu? Ana hasira za mama yake. Akinuna, nyumba nzima tunatembea kwa kunyata. Halafu anakoroma, usiombe!"

Mgeni alimeza mate. "Hilo sikulijua, mzee."

"Ungelijulia wapi?"

Jioni ilipokaribia, meneja alimtazama yule mgeni akipanga makopo ambayo hakuna aliyemtuma ayapange. Roho ilimuuma, tena sana. Alilipenda duka lile kuliko alivyowahi kukiri mbele ya mtu. Lakini kama ni lazima liende kwa mwingine, basi angalau liende kwa mwenye adabu. Alijifuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha.

"Sikiliza. Nilipanga kukuharibu leo. Lakini kutwa nzima sijaona ukichoka wala ukikasirika. Nimekubali. Chukua."

Mgeni aliweka kopo chini. "Kweli, mzee?"

"Kweli. Ila nimelea kwa mikono yangu mwenyewe, usije ukaniaibisha."

Mgeni aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakaanza kumtoka.

"Keshia!" meneja aliita kwa hofu. "Lete kitambaa, mtambo unavuja!"

"Asante, baba," mgeni alisema. "Nitamtunza."

"Nitalitunza," meneja alimsahihisha. "Duka ni 'li'. Wamekutengeneza vizuri, ngeli tu ndiyo zimewashinda."

"Hapana, baba. Nitamtunza."

Meneja alifungua kinywa amsahihishe tena, lakini dereva wa gari la mizigo alikuwa ameshaingia na katoni begani.

"Bosi, huu hapa mtambo wenu kutoka makao makuu. Niuweke wapi?"

Meneja aliikodolea macho katoni. Nyuma yake, kati ya sabuni na unga, mgeni alikuwa akipiga kelele kwenye simu: "Mpenzi, baba yako amekubali! Halafu, kumbe unakoroma?"