Bangili ya Mama

Siku hizi hupewi dawa ya maumivu bila kuonyesha bidii: kila alfajiri bangili ya zahanati hupima unavyovuta pumzi na kutuliza moyo. Baridi yabisi ilipomzidi Mama, hata kukaa kitako akashindwa, Baba aliivaa bangili ya Mama. Siku arobaini alipumua kwa utulivu, Mama akiuma kanga chumbani, na dawa ikaja.

Jana muuguzi alibisha hodi. Baba akawahi kumrudishia Mama bangili.

"Hongera, mama," muuguzi akasema. "Moyo umetulia siku arobaini mfululizo. Umepona. Dawa tunasitisha."

Mama akapiga ukelele. Bangili ikalia.

"Vuta pumzi, mama. Si ulikuwa unaweza?"

Nyuma yao, Baba akaanza kuvuta pumzi, polepole, kama alivyozoea.