Nyumba ya Uandishi

Asubuhi ile Tunu alikuwa anachambua mchele, ampikie mama yake pilau. Siku hizi mhadhiri akimaliza mwezi bila makala hufungiwa Nyumba ya Uandishi mpaka aandike moja ikubaliwe, na mama alikuwa huko wiki ya tatu.

Kwenye geti la Nyumba hiyo mlinzi aliona hotipoti mkononi mwake, akacheka. "Binti wa Daktari! Si makala ya mama yako imekubaliwa tangu Jumatatu?"

Tunu aliinamisha kichwa. "Sasa mbona harudi, baba?"

Kicheko kikamkauka mlinzi. "Mlango uko wazi, mwanangu. Kaomba mwenyewe abaki, aanze ya mwezi ujao."

Tunu alikaa kwenye ngazi, akatoa simu, akaandika: "Mama, nimekuletea pilau. Niko hapa nje."

Ujumbe ulisomwa papo hapo. Mpaka pilau inapoa, jibu lilikuwa halijaja.