Dua Mbele ya Jiko

Tangu nigongwe na pikipiki nikaumia ubongo, sheria inaniruhusu kuishi peke yangu mradi nyumba yenyewe, kwa kompyuta yake, inichunge. Nikisitasita inakata gesi na kumwita mjukuu wangu Zamda. Nikisitasita mara nyingi mno, napelekwa makao ya wagonjwa.

Leo nilisimama mbele ya jiko nikiomba dua kimoyomoyo kabla ya kuwasha, kama alivyonifunza mama. Gesi ikakatika.

“Bibi, umesahau unachofanya?” nyumba ikauliza.

“Sijasahau, mshenzi wewe! Naongea na Mungu!”

Zamda akaja mbio. “Bibi wee, omba ukishapika, tafadhali. Wakikuchukua mimi nitafanyaje?”

Gesi iliporudishwa, niliwasha jiko kwa hasira, bila dua.

“Hongera, bibi,” nyumba ikasema. “Unaendelea kupona.”