Kidoti cha Eulalia

"Kushoto, Anselmi! Kidoti cha marehemu kilikuwa kwenye shavu la kushoto!"

"Kulia! Au mwenzetu ulikuwa ukimchungulia kwenye kioo, Klotilda?"

Majirani hao waligombana ngazini, na katikati yao alisimama mchoraji Teofili, brashi mkononi, akigeuka huku na huku kama mshtakiwa. Miaka thelathini aliwachora wake za mawaziri hadi akavishwa nishani. Mabibi wale hawakuwa na subira ya kukaa, kwa hiyo akishamaliza uso, mikono alichora ya mkewe. Ndiyo maana kila jumba kubwa la mji ule lina mikono ya Eulalia ukutani. Uso wake hakuuchora hata siku moja. Walimzika mwezi uliopita, na sasa kwenye turubai ipo mikono miwili mizuri ajabu, na juu yake hamna kitu.

"Basi yaacheni mashavu," aliwasihi. "Niambieni macho yake tu."

Anselmi alitazama viatu vyake. Klotilda aliusukuma mlango wa kwake, harufu ya supu ikatoka.

"Ingia ule, shemeji," alisema. "Kaa pale alipokuwa akikaa yeye."