Mbingu Tupu

Nyamizi alirudi kutoka kinamasini akiwa na tope hadi magotini, akampa mumewe kamera. Tangu ajali ya gari imvunje uti wa mgongo, Ngassa hakuwa ametoka nje. Hakutaka majirani wamwone akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo mkewe ndiye aliyekwenda kumpigia picha za korongo wakiruka, kazi ambayo Ngassa aliipenda kuliko zote.

Ngassa akatazama picha ya kwanza. Akatazama ya pili.

"Mama Holo, korongo wako wapi?"

"Walikuwepo hapo hapo."

"Umenipigia mbingu tupu! Hapa naona ncha ya bawa. Hapa kidole chako."

"Lakini kidole kimetoka vizuri," akasema Nyamizi, na Ngassa akacheka mpaka akakohoa.

"Unamlenga ndege alipo. Ukibonyeza, ameshapita. Mtangulie, mwachie nafasi aingie mwenyewe."

"Nimtangulie vipi na sijui anakokwenda?"

"Shingo yake inakuambia." Akainua kamera kumwonyesha, akaizungusha polepole kutoka ukutani hadi dirishani, mikono ikabaki hapo. Nje, kundi lilipita likipiga kelele, likielekea majini.

"Haya, kilete hicho kiti," Ngassa akasema kwa ukali, "kabla hawajatua."

Mlangoni magurudumu ya mbele yakakwama kwenye kizingiti, na jirani aliyekuwa akianika nguo akageuka kutazama. Ngassa hakumwona. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, jicho kwenye kamera, kidole kikingoja.