Hadithi ya Kuazima

"Walivunja mlango wangu kwa shoka," alisema kinyozi mbele ya darasa.

Mlango haukuwa wake. Ulikuwa wa mshonaji, yule mama aliyeketi dawati la mbele, mikono mapajani. Mwalimu wa lugha alikuwa na mtindo wake. Wanafunzi wake, watu wazima waliokimbia makwao, aliwapanga wawili wawili. Mnasimuliana, kisha kila mmoja anasimama na kuisema hadithi ya mwenzake kama yake. "Mkijisahau ndipo ulimi unakunjuka," alipenda kusema.

Hawa wawili walitoka nchi moja. Kinyozi alidai kwao ni upande wa pili kabisa. Mji wa mshonaji hakuwahi hata kuukanyaga.

"Basi dada, nisimulie vizuri, nisije nikakuaibisha mbele za watu," alimtania. Naye mshonaji, ambaye hata ndugu zake hakuwahi kuwasimulia, akafungua kinywa.

Sasa kinyozi alikuwa amesimama.

"Walikuwa wanne, wamefunika nyuso. Mume wangu akashika mchi. Wakamkata mkono, mchi ukaanguka pamoja na mkono. Akawa ananiita. Wakamkata shingoni. Damu iliruka mpaka ukutani."

"Jamani, mwalimu," mpishi aliyeketi dawati la nyuma alinong'ona, "tumetoka kunywa chai sasa hivi."

"Mwache amalize," alisema mwalimu.

Mshonaji hakulia. Yote hayo aliyajua mpaka pale yeye mwenyewe alipoanguka. Kilichomla moyo miaka yote ni kilichofuata. Kila alipokutana na mtu wa kwao, sokoni, kituoni, hospitalini, alimuuliza: ilikuwaje baadaye? Wote walitikisa kichwa tu.

"Wakamwaga petroli sebuleni. Nikakimbilia chumbani, mmoja akanipiga rungu hapa." Kinyozi aligusa kisogo chake. Jasho lilimtiririka, na ile lugha ngeni iliyozoea kumkwama kooni sasa ilimtoka kama maji. "Nikaanguka. Moto ukashika pazia. Mtoto akaanza kulia. Wakasema, mwacheni aungue. Sikuweza. Nikamviringisha kwenye shuka, nikampitisha dirisha la jikoni, nikakimbia naye…"

"Ngoja, ngoja, bwana wee!" Mwalimu alicheka, chaki mkononi. "Umeshapigwa rungu, umelala chini kama gogo. Mtoto umembebaje?"

Darasa likaangua kicheko, mpishi naye akacheka.

Mshonaji aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka nyuma yake. Akamkwida kinyozi ukosi wa shati kwa mikono miwili, akamvuta mpaka nyuso zikakaribia kugusana, akamuuliza kwa lugha ya kwao:

"Mwanangu ulimpeleka wapi?"

Hadithi ambayo mshonaji alimsimulia haikuwa na mtoto.